Fundi Aliyesema Ameshiba

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba palikuwa na fundi wa chokaa akiitwa Mwinyikombo, mcha Mungu, hodari wa kujenga mihrabu, na mwenye maringo kidogo ya adabu zake. Aliitwa nchi ya milimani, mwendo wa miezi miwili, akapake chokaa msikiti wao. Akakaa huko miezi minane.

Aliporudi, watu walimjaa barazani. "Haya fundi, tupe habari!"

Walitaka maajabu. Akawaambia kwamba baridi ya huko hugandisha maji mtungini, na kwamba watu wake husali kwa utulivu. Kisha akasema, "Lakini ni wachoyo. Miezi minane nimekula tende peke yangu nyuma ya rundo la chokaa, na wao wamezunguka sinia, hatua kumi tu. Nawasikia wanacheka. Ikafika siku nikawa nazungumza na mwiko wangu wa kupakia chokaa, nisije nikasahau lugha ya mama yangu."

Watu wakamwonea huruma. Kabla ya magharibi mji mzima ulikwishajua kuwa watu wa milimani ni wachoyo.

Haukupita mwezi, ikafika familia kutoka nchi hiyo hiyo: mfumaji, mkewe na wana watatu, wamekimbia ukame. Wakaomba kibanda kitupu kilichokuwa pembeni mwa mji, maana masika ilikuwa inakaribia. Watu wakasema, "Wachoyo hao? Wapite, waende mbele!" Kadhi akakataa kumfukuza mja kwa uvumi. Akaamuru Mwinyikombo aje msikitini baada ya Alasiri, atoe ushahidi.

Mchana ule mkewe, Bi Mwanakheri, alimpakulia wali akakaa kumtazama.

"Baba Shee, hawakukuita kula hata siku moja?"

"Waliniita siku ya kwanza."

"Ukajibuje?"

"Nikasema nimeshiba, alhamdulillahi. Ulitaka nirukie sinia kama paka? Mtu mwenye adabu hukataa mara mbili, ya tatu akavutwa mkono."

"Na nani aliwaambia hao wa milimani habari ya kuvutana mikono?"

Mwinyikombo akamega tonge jingine.

"Siku ya pili je?"

"Waliita tena. Nikasema nimeshiba."

"Ulikuwa umeshiba?"

"Nilikuwa na njaa ya kutafuna kamba."

"Basi walisadiki neno la Mwislamu mwenzao. Hilo ndilo kosa lao?"

Mwinyikombo akaacha kula. Akakumbuka kwamba siku ile ya pili mkuu wa mafundi wa kule alimtazama kitambo, mkate mkononi, kama mtu anayengoja. Yeye ndiye aliyegeuza uso, na tangu hapo hawakumwita tena.

Baada ya Alasiri kadhi akamwuliza mbele ya watu, "Hukula kwao?"

"Sikula."

Hapo angeweza kukaa kitako, na asingekuwa amesema uongo. Kadhi akauliza tena, "Walikunyima?"

Fundi akasema, "Hawakuninyima, Shehe. Niliwaambia nimeshiba nami nina njaa, wakaniamini. Kisha nimekuja hapa nimewaita wachoyo. Nimewadhulumu."

Watu wakacheka mpaka kadhi akapiga fimbo sakafuni. Mmoja wao bado akapaza sauti, "Miezi minane, fundi! Si ungesema tu nipeni!"

Mfumaji akapewa kibanda. Mwinyikombo hakuulizwa tena habari za safari. Alikuwa nazo nyingi, za theluji na za misikiti ya mawe, akazeeka nazo kifuani.

Ndugu zangu, upweke wa ugenini ni mchungu, simbezi aliyeuonja. Lakini uchungu wako si ushahidi juu ya mtu. Jiulize kwanza ulisema nini siku ile walipokuita. Mja yule alipoteza heshima yake jioni moja, na watu watano wakapata pakavu pa kulala. Sijui kwetu leo ni nani angekubali kubadilishana hivyo.