Maji Yaliyopimwa kwa Vifuu

"Nani ameyapima?"

Sange aliuliza hivyo barazani, mbele ya wanyama wote. Korongo alitazama mawingu. Kiboko aliendelea kutafuna tikiti.

Lakini ngojeni, mbona nimeingia bila hodi? Masikio yapo?

— Yapo, na yana kiu!

Niteke?

— Teka!

Nimwage?

— Mwaga, tunakinga!

Basi palikuwa na bonde, na bondeni mlitekwa maji mahali pawili tu. Kulikuwa na kisima alichokichimba Mama Nungunungu kwa kucha zake, na kulikuwa na bwawa la Kiboko. Kila aliyeteka bwawani alimletea Kiboko tikiti. Na kila asubuhi Kiboko alitimiza desturi ya ukoo wao: alisimama majini, akageuza matako, akajisaidia huku akizungusha mkia, pwaa! pwaa! pwaa! kulia na kushoto, ili ijulikane bwawa lina mwenyewe. Na juu ya bwawa hilohilo lilining'inia jani lenye mhuri wa Daktari Korongo: MAJI HAYA YAMEPIMWA.

Watoto wakaanza kuharisha. Tunu, binti yake Sange, akaharisha mpaka macho yakaingia ndani. Ndipo Kiboko alipoita baraza.

"Ugonjwa unatoka kisimani," alitangaza. "Baada ya siku tatu kisima kifukiwe. Wote mtakunywa kwangu. Maji yangu yamepimwa."

Sange, mdogo kuliko kiganja, mwenye pua ndefu kama mrija, ndipo akauliza lile swali lake. Akalirudia.

"Wewe umesomea wapi?" Kiboko alifoka. "Mambo ya vijidudu yana wataalamu wake. Nenda kalee mwanao!"

Kalee mwanao! Na huyo mwana anakufa kwa nini, kama si maji?

Sange alirudi nyumbani, pua ikimtetemeka kwa hasira. Akamwita Mama Nungunungu. "Dada, una vifuu?"

"Vya nazi? Tele. Unataka kupika?"

"Nataka kupima."

Wakachemsha vifuu. Wakanawa kwa majivu. Wakachemsha muhogo, wakaukata vipande. Kipande kimoja kikatiwa matone ya kisima, cha pili matone ya bwawa, cha tatu matone ya maji yaliyochemshwa, ili ijulikane muhogo usiotiwa uchafu unaozaje. Wakateka, wakatia, wakafunika kifuu kwa kifuu, kap!

"Kiboko atavikanyaga, shoga," alisema Mama Nungunungu.

"Vya nyumba moja atavikanyaga. Vya nyumba kumi na mbili je?"

Wakaenda nyumba kwa nyumba. Kwa Kobe: wakateka, wakatia, wakafunika, kap! Kwa Ngiri: wakateka, wakatia, wakafunika, kap! Mpaka nyumba kumi na mbili zikaisha.

Korongo akaja kupeleleza, miguu yake ikienda tiki, tiki, tiki. "Mnafanya nini nyie?"

"Tunajaribu tu, Daktari," Sange alisema akiinama. "Lakini wasiosoma sisi, alama tutawekaje? Hatuna mkono mzuri kama wako."

Korongo alinyoosha shingo. Alipenda sana kuitwa Daktari. Akapitishwa nyumba zote, akaweka alama chini ya kila kifuu kwa mdomo wake: mkwaruzo mmoja kwa kisima, miwili kwa maji yaliyochemshwa, minne kwa bwawa, kama vidole vya Kiboko.

Siku ya kwanza, Tunu alikunywa maji yaliyochemshwa, akatapika. Siku ya pili akanywa, akalala tu. Sange alimwekea pua kifuani, akihesabu pumzi. Hakuthubutu kufunua vifuu. Siku ya tatu ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi!

Kiboko alikuwa mlangoni.

"Nasikia mnafuga magonjwa majumbani! Hatari kubwa!" Akainua mguu. Kacha! Vifuu vitatu vya Sange vikawa unga. "Sasa kisima kifukiwe, na Sange ahame bonde na mwanawe!"

Nje ya bonde hili maji yalikuwa mwendo wa siku nne. Tunu hangefika hata ya kwanza. Sange alitazama unga ule, akapiga magoti.

"Mheshimiwa, tumekosa. Lakini majirani wamebaki na vyao, nao wana wasiwasi. Watulize kwa elimu yako. Waoneshe kipi ni chako, kisha nitahama."

Majirani wakaja, mmoja mmoja, kila mmoja na vifuu vyake. Wakavipanga chini, wakafunua. Katika vifuu vya kila nyumba, vipande viwili vilikuwa vyeupe, na cha tatu kilikuwa na utando wa kijani, utelezi mweusi, na harufu iliyowafanya nzi wenyewe wasite.

Korongo akakohoa. "Khm. Mheshimiwa..."

"Nyamaza! Nikikuhitaji nitakuita." Kiboko alicheka mpaka matumbo yakacheza. "Hiki cheupe ndicho changu! Mtoto mdogo anaona!"

"Khm, Mheshimiwa, afadhali..."

"Nimesema nyamaza!"

"Na hiki kinachonuka?" Sange aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hicho ni sumu! Mwenye maji haya ahame leo, kabla ya jua kuzama, asirudi!" Akapiga mguu chini, NDI! Na bondeni, neno la mkuu likipigiwa mguu halirudi. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

"Asante," Sange alisema, akisimama. "Daktari, geuza."

Korongo akageuza kifuu cha Kobe. Mikwaruzo minne. Akageuza cha Ngiri. Minne. Akageuza vyote kumi na kimoja. Minne, minne, minne.

"Nani kaweka alama hizi?" Kiboko alinguruma.

Wote wakamtazama Korongo. Korongo akatazama mawingu.

Kiboko akatazama mguu wake, akatazama umati. Akaondoka, ndi, ndi, ndi, bila hata kuaga, na tikiti la siku hiyo hakulimaliza.

Siku ya nne Tunu akafumbua macho. "Mama, muhogo uko wapi?"

"Tuliupimia maji wote, mwanangu," Sange alijibu, akicheka na kulia.

Nimemwaga, mmekinga, tone lililoanguka chini ni la mchwa.

Na funzo lenu, andikeni vizuri: mtu asiye na mhuri asiulize maswali. Mtoto akiharisha, tulia, msubiri mtaalamu amalize kutazama mawingu.

Nami nina ombi moja tu. Kesho asubuhi ufuate maji ya kwenu mpaka yanakotoka, kisha uje uniambie umeona nini.