Tone Lililolia Bakulini

Shira hujisifu motoni, husema kweli majini. Mmeisikia methali hii leo, wanangu, mkauliza ilitoka wapi. Ilitoka jikoni, katika nyumba moja ya Pangani, na ilianza hivi.

Mize aliolewa Pangani akitokea Korogwe. Kwao hakuna aliyemfundisha kupika kashata, na desturi ya nyumba aliyoingia ilitaka mke mpya ndiye apike kashata za Idi yake ya kwanza. Mama mkwe wake, Bi Hidaya, alikuwa amepoteza macho. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, akisikiliza.

Mize alichemsha sukari na maji kidogo iwe shira. Mapovu yakapanda na kushuka kama kitu kinachopumua usingizini, na mvuke mtamu ukalijaza jiko hata kuta zikaonekana ziko mbali. Uzuri ule ukamtosha. Akatia karanga zilizokaangwa, akamimina kwenye sinia. Adhuhuri ikapita, kashata hazikuganda.

Wifi yake, Saumu, akachovya kidole. "Hizi, wifi, wageni tutawapa na vijiko?"

"Leo narudi kwetu," Mize akasema. Akaingia chumbani, akafunga nguo zake furushi moja. Alipotoka, alimkuta Bi Hidaya ameweka bakuli la maji ya mtungini miguuni pake.

"Nenda, mwanangu, sikuzuii. Ila imebaki sukari ya sufuria moja, na mimi moto siuoni. Nipikie kwanza."

Mize akaliweka furushi chini, akabandika sufuria.

"Ikishachemka usikoroge, itarudi kuwa chembe. Sasa dondosha tone majini."

Tone likatawanyika kama moshi.

"Bado," Bi Hidaya akasema.

La pili likatulia chini ya bakuli, laini kama nta.

"Bado. Ile shira ya kwanza uliionaje?"

"Motoni ilionekana tayari, mama."

"Motoni kila shira iko tayari."

Rangi ya shira ikageuka polepole ikawa ya asali, na Mize akayatazama mapovu hadi akasahau kwamba kulikuwa na furushi. Tone la tatu likazama, likagonga bakuli: ti.

"Hiyo imesema kweli. Tia karanga, mimina, kata kabla haijapoa."

Zilipopoa, kashata zilivunjika kwa mlio mkavu. Bi Hidaya akachovya vidole katika bakuli.

"Na lile neno lako la kurudi kwenu? Nalo lilitoka motoni. Lidondoshe humu tulisikie."

Mize akainama juu ya bakuli.

"Limeyeyuka, mama."

"Basi furushi nilirudishe chumbani, wifi?" Saumu akauliza, kashata ikilia kati ya meno yake.

Tangu siku ile, mtu wa nyumba hiyo akiapa kwa hasira, wenzake hawabishani naye. Humpa maji, wakamwambia: shira hujisifu motoni, husema kweli majini.