Gunia la Kunde Lisilogawika

Walikuwapo watu, na kati yao alikuwapo Bi Mize, mkaanga bajia. Jiko lake lilikaa chini ya ukuta wa Bwana Vuai, tajiri wa mji. Tajiri alipochoka na moshi, akambwagia gunia la kunde miguuni.

"Bibi, zigawe mafungu yaliyo sawasawa. Isibaki punje, isipotee punje, na punje mojamoja si fungu. Ukiweza, nusu yako, na hapa utakaa. Ukishindwa kesho, beba jiko lako."

Hakumwambia kwamba vibarua wake walikwisha kujaribu mafungu ya kila namna, na kila mara zilibaki za ziada.

"Umempata mjinga wako, baba," Bi Mize akacheka. "Mimi nikihesabu kuku wangu, jogoo namhesabu mara mbili. Basi niache nizioshe, nisije nikagawa na vumbi."

"Ruhusa! Osha hata kwa sabuni."

Kesho yake Bwana Vuai akaja na majirani wawe mashahidi. Akakuta majamvi mawili, kila moja na rundo lake, jeupe pe.

"Idadi umeijuaje?"

"Hata sasa siijui. Tumeziloweka na wakwe zangu, tukazifikicha kama za bajia. Ganda likatoka, kila punje ikapasuka vipande viwili. Kipande kimoja tukakitupa huku, pacha wake kule."

Majirani wakashika mbavu.

"Umeniharibia kunde!"

"Basi lete fungu lako upesi, mwanangu, nikukaangie kabla halijachacha."