Ruta Ndani ya Tranka

Wapendwa, nipeni masikio yenu kidogo. Na nyinyi mama zangu mnaotembea na funguo kwenye fundo la khanga, nisikilizeni zaidi.

Kulikuwa na mama mmoja, mshona sare za shule. Mwaka mzima alishona sketi za watoto wa watu, na binti yake mwenyewe yuko nyumbani. Aliachia masomo kidato cha pili baba yake alipofariki, na tangu hapo jambo hilo halikutajwa ndani ya nyumba ile. Ndipo shule moja inayofundisha kwa intaneti ikakubali kumsaili. Jumanne, saa nne asubuhi, akae mbele ya kompyuta ya kuazima, walimu wamwone na kumsikia. Asipoonekana, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Bando la simu mtaani kwao lilikatika kila wingu likipita, kwa hiyo ilibidi intaneti ivutwe mpaka nyumbani. Kulikuwa na njia mbili tu: kebo ile iletayo televisheni, au waya wa simu ya mezani. Ni ipi? Mama hakujua. Akamwuliza jirani yake, na shemeji yake naye alikuwepo, amekuja kuchukua suruali iliyopunguzwa.

"Chukua kebo," jirani akasema. "Ina nguvu. Kwangu wanangu wote wanaangalia kwa wakati mmoja."

"Shemeji, usidanganywe," yule shemeji akadakia. "Kebo ni bomba la mtaa mzima. Saa ya tamthilia kila mtu amefungulia kwake, wewe unabaki na matone. Waya wa simu ni wako peke yako, kutoka kituoni mpaka mlangoni."

"Tangu lini wewe ukajua intaneti? Redio yako yenyewe mpaka uipige kofi ndipo iseme." Jirani akamgeukia mama. "Waya wake ni mwembamba, na kituo cha simu kiko kule ng'ambo ya soko. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyochoka. Ukifika hapa hauna pumzi."

Wote wawili walikuwa wanasema kweli, na hapo ndipo wasiwasi ulipomshika. Akichagua vibaya, binti atarudi kukaa jikoni, na safari hii hakuna marehemu wa kusingiziwa. Siku ile alishona mfuko wa sketi akauziba mdomo, akafumua, akauziba tena.

Akachukua kebo. Fundi akaja, akaweka ruta juu ya meza, kile kisanduku chenye vitaa ambacho hurusha intaneti hewani ndani ya nyumba. Akakijaribu, kikafanya kazi, akaenda zake. Mama akabaki anakitazama. Dirisha liko wazi. Moshi wa mkaa, vumbi la vitambaa, vibaka. Nawauliza, nani kati yetu angekiacha mezani?

Akalivuta tranka la bati ambalo binti yake alikwenda nalo bweni, jina lake bado liko juu kwa rangi nyeupe. Akalitoboa ubavuni kwa msumari na nyundo, akapitisha nyaya, akakilaza kisanduku ndani, akakifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe. Akafunga kufuli. Ufunguo ukaingia kwenye fundo la khanga.

Kesho yake binti akajaribu kufungua somo la video la shule ile akiwa chumba cha nyuma. Picha ikaganda, mwalimu mdomo wazi.

"Mama, labda tukitoe humo."

"Nikitoe kiibwe, Jumanne utaonekana kwa kitu gani? Niachie mimi, mwanangu."

Mama akalaumu tamthilia za majirani. Shemeji alisema kweli, bomba la mtaa mzima. Kabla wiki haijaisha akavuta na waya wa simu. Kisanduku cha pili kikaja, nacho kikalazwa kando ya mwenzake, chini ya kitambaa, kufuli likabanwa. Picha ikaganda vilevile. Sasa akalaumu umbali wa kituo. Basi kosa liko wapi? Jumapili aliomba, midomo ikisema maneno na moyo ukihesabu saa.

Jumanne saa nne kasoro robo fundi wa simu akafika na mfuko wake. Binti amekwisha kaa, amevaa blauzi nyeupe, kioo cha kompyuta mbele yake kinazungusha kiduara. Fundi akapima waya ukutani.

"Waya mzima. Intaneti inafika hapa bila shida. Ruta iko wapi?"

"Iko salama."

"Salama wapi, mama?"

Saa nne ikapita. Mama akashika fundo la khanga, likagoma kufunguka, ikabidi alivute kwa meno. Kufuli likafunguka. Fundi akainua kitambaa, akaviona vile visanduku viwili, vya moto kama mayai yaliyotoka chini ya kuku, taa zote zinawaka.

Hakucheka. "Mama, njia yoyote kati ya hizi mbili ingetosha. Bati ndilo halipitishi."

Akakitoa kimoja, akakiweka juu ya cherehani. Uso wa mwalimu ukatokea, safi.

"Binti, tumekuita mara tatu," akasema. "Sisi hatukuondoka. Ni wewe hukujibu. Tulikuwa tunafungua jina la mwingine sasa hivi. Haya, tuanze."

Wapendwa, sisi tunasumbuka na nini? Tunaulizana, niende kwenye kanisa la kwaya kubwa au lile dogo ambapo mchungaji ananijua kwa jina? Huku tumebanana, kule kuna umbali. Tunahama, tunarudi, tunalaumu majirani wanaoimba vibaya. Na maswali hayo yana ukweli wake, siyo ya kipumbavu. Lakini Neno lilikwisha fika nyumbani kwetu. Taa zinawaka. Sisi wenyewe tumelifunika kwa kitambaa kizuri tukalifungia, tena kwa upendo, tukisema tunalitunza.

Na mtoto alipotuambia, "Mama, labda tukitoe humo," tulimwambia nini?

Yule mama hakuwa mbaya. Alimpenda binti yake kuliko macho yake. Lakini nafasi ya mtoto ilikaribia kupotea, na aliyekaa na ufunguo ni yeye. Mwalimu alisubiri. Siwezi kuwaahidi kwamba kila saa nne ya maisha yetu itasubiriwa hivyo.

Kwa hiyo leo tukifika nyumbani, kabla hatujabishana tena njia ipi ni bora, kabla hata ya kupakua chakula, tushike fundo la khanga, tupapase mfukoni. Ufunguo uko hapo. Nenda ukafungue.