Lango la Mbelwa

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma sikuwasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlimani, palikuwa na kijiji kilichochoka kuvamiwa. Wakakubaliana wajenge ngome ya mawe matupu, bila udongo wala chokaa. Mzee Mbelwa akapewa lango. Mdogo wake, Shekiondo, akapewa ukuta wa magharibi.

Roho ikamuuma Shekiondo! Chakula hakishuki. "Kila kitu Mbelwa! Mimi nani, mtoto wa kuokota?"

Wakajenga. Ko! Ko! Ko! Kila hatua chache Mbelwa alilaza jiwe refu, likapita ukuta mzima, kutoka nje hadi ndani, kuushika. Vichwa vya mawe hayo vikachomoza ovyo. Shekiondo akaona hapo ndipo pa kumshinda kaka yake. Hakuweka hata jiwe refu moja. Ukuta wake ukatoka laini, watu wakausifu, naye akavimba kichwa.

Mbelwa akaja, akaupapasa.

"Mdogo wangu, mawe ya kushika yako wapi?"

"Kaka, sema tu unanionea wivu."

Jamani! Nani anamwonea nani wivu hapo?

"Tuubomoe, tuujenge pamoja. Siku bado zipo."

"Ili waseme ni wako? Thubutu!"

Sasa, kijiji kile kilikuwa na desturi. Mvua kubwa ya kwanza ya masika, kila mjenzi huketi, mgongo kwenye ukuta wake, mpaka mvua ikatike. Akivumilia, ukuta hupewa jina lake. Akiinuka kabla, ukuta hubaki bila jina.

Mvua ikashuka asubuhi. Shaa! Shaa! Mbelwa langoni, Shekiondo magharibi, wanaonana. Shekiondo hana habari na mvua, macho kwa kaka yake tu. Ainuke yeye! Ainuke yeye kwanza!

Nyuma ya mgongo wake, mawe yakaanza. Kru. Kru. Kru. Akasikia. Hakuinuka.

"Shekiondo! Ukuta umefura! Toka!"

"Toka wewe kwanza!"

Mbelwa akainuka. Mvua inanyesha, kijiji kizima kinatazama, akainuka. Akakimbia na uzee wake, akamkamata mdogo wake mkono, akamburuta. Poromooo! Ukuta wote chini, pale pale alipokuwa ameketi.

Lango halikutikisika. Lakini desturi ni desturi, likabaki bila jina. Mbelwa hakulalamika hata siku moja, mpaka wakamzika.

Na Shekiondo? Si alichokitaka amekipata? Mbona hakikumfurahisha! Masika yalipokuja baada ya mazishi, akaenda langoni, akaegemeza mgongo, mvua ikampiga kutwa.

Wazee wakamfokea. "Ondoka, hilo si lako!"

"Najua. Namalizia kikao cha kaka yangu. Aliinuka kwa ajili yangu."

Mvua ikakatika. Wazee wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Lango la Mbelwa."

Leo ngome ni magofu, majani yameota hadi kisimani. Lango limesimama.

Wanangu, wivu humkalisha mtu chini ya ukuta unaoanguka, ili mradi mwenzake asimpite. Mkiitwa mtoke, tokeni.

Hadithi yangu nimeiacha pale langoni. Anayeitaka akaichukue, mvua ikiisha.