Mkono Ulioukausha Mkunazi

Inasimuliwa, na Mjuzi wa yaliyopita ni Mwenyezi Mungu peke yake, kwamba katika mji mmoja wa matofali ya udongo, huko Hadhramaut ya zamani, aliishi mcha Mungu aliyeitwa Ghalibu bin Asadi. Uani kwake palikuwa na mkunazi uliopandwa na babu yake. Kivuli chake kilifunika ua mzima, na majani yake yalikuwa wakfu wa mtaa: kila alipofariki mtu, yalichumwa, yakatwangwa, yakatiwa katika maji ya kumwoshea maiti.

Mchumaji alikuwa jirani yake, Bibi Unaisa, mjane aliyewaosha wanawake wa mtaa ule miaka mingi bila ujira. Alikuwa akibisha hodi baada ya alasiri, akichuma konzi moja tu, akimwombea dua mwenye nyumba, akienda zake.

Ukaja mwaka wa mafuriko, na msikiti wa mtaa ukaanguka. Ghalibu akaufungua ua wake, watu wakawa wanaswali hapo mara tano kwa siku. Udongo wa kuta za msikiti hakutaka ukanyagwe ovyo njiani. Aliubeba kwa makapu, akaurundika kulizunguka shina la mkunazi mpaka ukafika magotini, akaushindilia, ukawa kama kikao. Maji ya udhu nayo hakutaka yapotee. Aliiweka mitungi juu ya kikao kile, akawaambia watu watawadhe hapo, ili maji yaliyogusa viungo vya wenye kuswali yaushukie mti. Nia yake ilikuwa njema, na hakuna aliyemwambia neno.

Mwaka wa pili mkunazi ukaanza kuugua. Majani yaligeuka njano, yakawa madogo kama kucha. Vijiti vya juu kabisa vilikauka kwanza, kisha ukavu ukashuka, tawi kwa tawi. Jua likapata matundu, na waliokuwa wakisujudu kivulini wakawa wanasujudu juu ya udongo wa moto.

Ndipo muuza samli mmoja, Jubairi, aliposema mbele ya watu, "Lakini ninyi hamwoni? Mkono unatoka kwenye maiti, unakuja kwenye mti. Mti gani utastahimili?"

"Mimi hata salamu ya yule mjane siku hizi naipokea kwa mbali," akadakia mwingine, na watu wakacheka.

Ghalibu alisikia akanyamaza. Kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa ushahidi.

Siku moja baada ya alasiri, watu wakiwa wamekaa, Bibi Unaisa akabisha hodi na kikapu chake.

"Bibi Unaisa," alisema Ghalibu, "nakuomba usiuguse mti huu kwa sasa."

"Kwa sababu gani, shekhe?"

"Watu wanasema..."

"Sikuwauliza watu. Nimekuuliza wewe."

Ghalibu akamwonyesha matawi makavu. Yule mama akakigeuza kikapu chake, akatoka.

Tangu siku hiyo hakuitwa tena. Alipofariki binti mmoja katika uchochoro wa pili, jamaa zake walituma mji mwingine kutafuta mwoshaji, na maiti ikangoja tangu alfajiri hadi jua kupinduka, ilhali Bibi Unaisa amekaa nyumba ya tatu kutoka hapo, mikono yake mapajani.

Ikatokea kwamba mtunza mitende mmoja aliyeitwa Haruthi, akiwa safarini, aliingia ua ule kuswali adhuhuri. Akapewa kata ya maji. Alisimama nayo, asitawadhe, akiutazama mti juu na chini.

"Huu hunyweshwa na nani?" aliuliza.

"Na sisi sote," alijibu Ghalibu. "Ni maji ya udhu."

"Mara ngapi?"

"Swala tano. Watu kama arubaini."

Haruthi akacheka, kisha akajizuia. "Nisamehe, shekhe. Naona mnauosha kabla haujafa."

Baada ya swala, watu walipotawanyika, alimwita Ghalibu penye shina. "Tazama. Mti mzima hutanua miguu unapoingia ardhini. Huu wako umeingia wima kama nguzo. Miguu yake iko wapi?"

Alikataa jembe, lisije likaijeruhi mizizi. Wakafukua kwa kijiti na kwa vidole. Kadiri walivyoshuka, udongo ulizidi kuwa mweusi, ukinuka kama maji ya mtungi uliosahauliwa. Gamba la shina lilikuwa limelainika, likitoka kwa kuguswa. Na vijizizi vyembamba vilikuwa vimepanda juu, vikajiviringisha shinani ndani ya lile rundo.

"Hivi vinatafuta pumzi," alisema Haruthi. "Mizizi huvuta pumzi kama sisi. Umeuziba pua, kisha ukaumwagia maji."

Ghalibu akaketi chini, mikono imejaa tope. "Basi ni mkono wangu."

"Kwani ulidhani wa nani?"

Ghalibu akamsimulia. Haruthi akapunguza sauti. "Shekhe, usijitie aibuni. Waambie ni mdudu wa mizizi, nami nimemtoa. Mti ukipona, habari ya mama yule itasahauliwa."

Ulikuwa ushauri mwepesi, na heshima ya mtu huwa tamu. Lakini Ghalibu akaenda moja kwa moja mlangoni kwa Bibi Unaisa, akaomba radhi.

Mlango haukufunguliwa. Sauti ikatoka ndani. "Ulinikataza wakati gani, shekhe?"

"Baada ya alasiri."

"Peke yetu?"

"Mbele ya watu."

"Basi niombe radhi wakati uleule."

Alasiri ile, watu walipotoa salamu ya swala, Ghalibu alisimama. "Ndugu zangu, mkono ulioukausha mti huu ni huu hapa," akauinua wa kwake. "Udongo niliuweka mimi. Maji niliyaamrisha mimi. Na mwanamke asiye na kosa nilimrudisha mimi mlangoni pangu, na uongo wenu nikiusikia. Bibi Unaisa, nakuomba radhi. Nanyi, kila mmoja atie mkono humu shimoni, kisha aunuse."

Wakatia, mmoja mmoja. Jubairi alitia wa mwisho. Aliunusa, akakaa muda mrefu akiupangusa ukutani. Nje ya mlango wa ua, Bibi Unaisa alikuwa amesimama. Akasema, "Mwenyezi Mungu atusamehe sote," akarudi kwake.

Udongo wote uliondolewa mpaka miguu ya mti ikaonekana, ukafyatuliwa matofali, ukarudi kuwa ukuta wa msikiti. Mitungi ikahamishiwa upande wa barabarani. Haruthi akakata matawi makavu, akakataza samadi, akaagiza maji yatiwe mara chache tu, mbali na shina, pale kivuli kinapoishia.

"Kisha nifanye nini?" aliuliza Ghalibu.

"Kisha usifanye kitu. Hilo ndilo litakalokushinda."

Na lilikaribia kumshinda. Miezi mingi majani yaliendelea kudondoka. Wapo walioanza tena kunong'ona, na Ghalibu kila aliposikia aliwajibu, "Ni mkono wangu," akatoka uani na kuutazama mti, mikono ameifunga nyuma. Mpaka asubuhi moja akaona, katika tawi nene alilolikatia tamaa, vichipukizi viwili vya kijani.

Majani yalipokuwa ya kutosha, alimwita Bibi Unaisa aje achume. Alilishika jani moja, akaliachia. "Bado mgonjwa, shekhe. Mwaka huu nitachuma kwingine."

Ghalibu alipokaribia kufariki, miaka mingi baadaye, aliusia jambo moja: aoshwe kwa majani ya mkunazi ule, na asiyachume mtu ila Bibi Unaisa. Siku hiyo ilipofika akaja, sasa ni ajuza, akishika ukuta, akapita kivulini, akachuma konzi moja, asizidishe.

Enyi wapenzi wa Allah, hata kheri tukiimwaga bila kutazama inakoangukia, huozesha. Na likikauka jambo letu, tukaanza kutafuta mkono uliolikausha, tuanze kuunusa ule wetu tunaotawadhia.