Mwali wa Shule ya Ko

Ko!

Mmesikia? Usiku, msitu umenyamaza, sauti moja tu. Ko!

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele wasikie, wa nyuma wasisinzie.

Hapo zamani za kale, katika tundu la mkuyu, aliishi pelele mmoja na watoto wake, pamoja na mavyaa wake, mama wa mumewe, Bi. Kidawa. Pelele mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, na akilia usiku mtu hujifunika shuka mpaka kichwani. Mumewe huyu pelele alichukuliwa na tai. Swoo! Akaenda. Kazi ya kutafuta majani ikabaki kwake.

Jina lake? Ngojeni. Kwa desturi ya pelele, mavyaa hataji jina la mke wa mwanawe mpaka aone amefundwa akaiva, ametoka. Humwita Mwali. Na mavyaa asipolitaja, hakuna mwingine wa kulitaja. Basi nasi tumwite Mwali.

Mwali alitaka kuwa mganga wa mifupa. Mganga wa mifupa hatoki kutafuta chakula, chakula humfuata. Na asiyetoka ovyo, tai hamwoni. Lakini uganga kamili hufundishwa Mwambani, kwa Bi. Mbuzimawe, na Mwambani hawamchukui asiyesoma kwanza chini.

Chini kulikuwa na shule mbili.

Moja ni ya Bwawani, kwa Korongo. Unakaa topeni masika baada ya masika, mnasoma wote jambo moja siku moja, na mwisho mnatangaziwa: wa kwanza, wa pili, mpaka wa mkia.

Nyingine ni Shule ya Ko. Kigong'ota yuko mbali, anagonga somo. Mwenzake analisikia, anagonga. Mwingine anagonga. Ko, ko, ko, mpaka kwenye shina lako, nawe umo tunduni mwako. Ukijibu, unagonga. Akitaka kuona kazi yako, humtuma njiwa. Na jibu lake ni moja kati ya haya: "Umeweza." Au: "Bado."

Ngedere akaja kutembea. Alikuwa amesoma Bwawani.

"Dada, shule ya kugongewa mti hiyo? Wakikuuliza ulikuwa wa ngapi, utajibu nini? Ko?" Akacheka, kwe-kwe-kwe. "Mimi nilikuwa wa tatu!"

"Mlikuwa wangapi?" akauliza Bi. Kidawa.

Ngedere akajikuna. "Tulikuwa... watatu. Lakini bibi, mmoja wao alikuwa kiboko, na kiboko ana akili!"

Tundu zima likacheka. Mwali hakucheka sana.

"Ngedere, ukikwama kazini unafanyaje?"

"Namwita kiboko. Si tumekaa tope moja?"

"Hilo Shule ya Ko haina," akasema Mwali. "Nalijua. Lakini nikikaa Bwawani masika yote hayo, watoto hawa nani atawaangalilia tai?"

Ngedere akatazama watoto.

"Mimi siitaki," akasema Bi. Kidawa. "Shule gani haina darasa?"

"Mama, wewe ulifundwa wapi?" akauliza Mwali.

"Ndani."

"Ulitoka lini?"

"Nilipojua."

Bi. Kidawa akayasikia maneno yake mwenyewe. Akanuna.

Hata hivyo Mwali hakuirukia shule. Kwanza aligonga kuuliza Mwambani: Je, wa Ko mnampokea? Ko, ko, ko, swali likapanda. Ko, ko, ko, jibu likashuka.

"Tunampokea. Lakini wa Ko hana wa ngapi, na mwalimu wake hajamwona uso. Basi aje na shahidi. Shahidi awe ameziona kazi zake tangu ya kwanza, asimame mbele yetu, alitaje jina lake."

Mwali akamtazama mavyaa. Mavyaa akatazama ukuta.

Mwali akaanza hivyo hivyo.

Kufunga vijiti kwenye mfupa uliovunjika alikujua tangu alipokuwa akiwafunga watoto mgongoni. Umeweza! Somo likakwisha kabla tini za mkuyu hazijaiva. Lakini mishipa! Mishipa ilimshinda. Bado. Akarudia. Bado. Akarudia, akalia. Bado. Usiku mwingine alisinzia, somo likagonga, likapita, hakuna wa kumfinya sikio. Bwawani angefinywa.

Wagonjwa wakaja tunduni. Digidigi wa mguu, kanga wa bawa.

"Mama, shika hapa."

Bi. Kidawa akashika, huku akiguna. "Mwali huyu atanitia wazimu." Akashika ya leo, akashika ya kesho. Siku moja, mwenyewe bila kuulizwa, akasema, "Si hapo. Juzi ulikaza chini kidogo."

Mwali akakaza chini kidogo. Mfupa ukaitika, kwak! Digidigi akasimama.

Mishipa nayo ikakubali. Tini zilikuwa zimeiva, zikaanguka, zikaiva tena. Ko! Umeweza. Shule imekwisha.

Jioni ile Mwali akapiga magoti. "Mama, twende Mwambani. Tuhame wote."

"Mwanangu alizaliwa katika mkuyu huu," akasema Bi. Kidawa. "Nikilitaja jina lako, umetoka. Ukitoka, nami nimeuacha mkuyu."

Kulipokucha Mwali akatangulia na watoto. Hakugeuka. Akipanda, akasikia nyuma yake kokoto zikiporomoka, poro-poro-poro, na mtu akiguna.

Mwambani Bi. Mbuzimawe alisimama juu ya jiwe, kwato zimekutana.

"Umesoma wapi?"

"Shule ya Ko."

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Kule hakuna wa ngapi. Kuna umeweza na bado."

"Bado ulipata?"

"Nyingi."

"Shahidi yuko wapi?"

Watoto wakageuka. Mwali akageuka. Bi. Kidawa alikuwa ameketi chini, anahema, vumbi mpaka kwenye masharubu.

Sasa, wanangu, na wakubwa mliojifanya mmelala: kufundwa ndani si aibu. Aibu ni kuingia njia bila kuuliza inatokea wapi. Na usomaye peke yako, usifanye kazi peke yako; liwepo jicho la kukushuhudia, hata kama ni jicho la kununa.

Hadithi yangu imeishia hapo, kinywani mwa Bi. Kidawa. Maana aliinuka, akajikung'uta vumbi, akauangalia mkuyu ulivyo mdogo kule chini. Kisha akamgeukia Bi. Mbuzimawe.

"Wa ngapi mimi sijui," akasema. "Kazi zake zote nimezishika kwa mikono hii. Na jina lake ni Mosi."